Maneno kwa Vijana wa Kolwezi Wanaokwenda Kusoma Ng'ambo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya vijana na wazazi wao, mjini Kolwezi)



Tumeombwa tuseme nanyi juu ya jambo moja, nalo ni maisha ya mwanafunzi ng'ambo. Sisi tunaosema hapa tulikwenda Ubelgiji kusoma. Wengine wetu walikaa Liège, wengine Louvain-la-Neuve, wengine Bruxelles. Tumemaliza, tumerudi, na kazi yetu iko hapa hapa katika nchi ya shaba. Kwa hiyo hatusemi ya kusikia. Twasema tuliyoyaona kwa macho na kuyashika kwa mikono.

Twajua kwa nini mmejaa namna hii. Kila mwaka baada ya mtihani wa serikali, kijana aliyepata alama nzuri huanza kuulizwa mtaani, "Na wewe waenda lini Bulaya?" Siku hizi si Ubelgiji tu. Wako wanaokwenda China, Uhindi, Afrika ya Kusini, na hata hapa jirani Zambia. Mjomba huuza kiwanja, mama huuza vitenge vyake, na ukoo wote huchanga. Mtu anayekwenda kwa fedha ya ukoo yafaa aambiwe kweli kabla hajapanda ndege. Na ukoo unaotoa fedha yafaa uambiwe kweli vile vile. Ndiyo sababu tumekubali kusimama hapa.

WALIOTUTANGULIA

Msidhani kwamba safari hii imeanza jana. Mkongo wa kwanza kupata elimu ya juu Ubelgiji alikuwa Paul Panda Farnana. Alizaliwa mwaka 1888 kule karibu na Banana, mto wetu unapoingia baharini, akapelekwa Ubelgiji mwaka 1900 akiwa mtoto. Mwaka 1907 alimaliza masomo ya kilimo Vilvoorde, kisha akarudi Kongo kufanya kazi. Vita ya 1914 ilimkuta Ubelgiji. Akajitolea kupigana, akatekwa, akawa mfungwa Ujerumani. Mwaka 1919 aliunda chama cha Wakongo waliokuwa Ubelgiji, akasema waziwazi kwamba watu wake wapewe elimu na wasikilizwe katika mambo ya nchi yao. Alirudi kwao, akafa mwaka 1930.

Baada yake milango ilikaa imefungwa kwa muda mrefu. Thomas Kanza alipopata shahada yake Louvain mwaka 1956, lilikuwa jambo la kuandikwa magazetini, maana hakuwako Mkongo asiye padri aliyemtangulia katika shahada ya namna ile. Mwaka ule ule ndipo chuo kikuu kilipofunguliwa Elisabethville, mji ambao tangu 1966 tunauita Lubumbashi. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, wahitimu wa chuo kikuu katika nchi nzima hawakufika 30, na katika jeshi hapakuwa na afisa Mkongo hata mmoja. Nchi kubwa kuliko Ubelgiji mara zaidi ya 70 ilipewa ufunguo wa nyumba, lakini watoto wake walikuwa hawajafundishwa kuwasha taa.

Twayataja haya ili kijana anayekwenda leo ajue kwamba kiti anachokalia darasani kilililiwa na watu. Kulala usingizi juu ya kiti kile ni kuwakosea.

RAHA TULIZOZIONA

Sasa tuje kwenye raha, maana twajua ndizo mlizokuja kuzisikia. Hatutazificha. Mwenye kusema kwamba ng'ambo hakuna raha ni mwongo kama yule asemaye kwamba hakuna shida.

Liège ulikuwa mji wa chuma na makaa ya mawe, nao umekaa kando ya mto Meuse. Mtu wa Kolwezi akifika pale hajioni mgeni sana. Kuzunguka mji kuna vilima vya taka za migodi, kama vile vyetu, ila vyao vimeota miti, na Jumapili watu hupanda kutembea na watoto. Kila Jumapili asubuhi kuna soko refu kando ya mto, liitwalo La Batte. Pale huuzwa kuku, jibini, maua, viatu, nguo za mitumba, na kelele zake ni kelele za soko letu. Tulipofika mara ya kwanza tulicheka, maana tulifikiri Wazungu hawapunguziani bei.

Tulifurahia maktaba inayofunguliwa kwa saa iliyoandikwa mlangoni, na taa ambayo haizimiki katikati ya hesabu. Tulifurahia treni. Kutoka Liège hata Bruxelles ni kilomita kama 100, na ni mwendo wa saa moja tu. Ukitoka kituo cha Liège-Guillemins, kile kipya cha vioo kilichofunguliwa mwaka 2009, waweza kula chakula cha asubuhi huku na cha mchana ukala baharini Ostende. Sisi tuliozoea kuhesabu siku nzima kwa barabara ya Kolwezi na Lubumbashi, jambo lile lilitulevya.

Na Bruxelles kuna Matonge, mtaa wa Ixelles uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa. Pale utasuka nywele, utapata makopa na samaki wa chumvi, utasikia Lingala, Kiswahili na Tshiluba katika duka moja. Mwanafunzi aliyeshiba baridi juma zima, akifika Matonge Jumamosi na kula bukari na sombe, hurudi chuoni na moyo mpya. Karibu na pale ndipo tangu tarehe 30 Juni 2018 pana uwanja wenye jina la Patrice Lumumba. Tulisimama pale kimya, sisi watu wa Katanga, kwa kuwa twajua ni katika udongo upi alipouawa tarehe 17 Januari 1961, pamoja na Mpolo na Okito.

KAZI

Raha hizo zina bei. Sheria ya Ubelgiji humruhusu mwanafunzi atokaye nje kufanya kazi saa 20 kwa juma wakati wa masomo, na zaidi wakati wa likizo. Kabla ya hapo hutakiwa aonyeshe kwamba ana fedha za kumtosha au ana mdhamini. Wengi wetu tulionyesha karatasi nzuri ya mdhamini; tulipofika, mdhamini hakupokea simu tena.

Kwa hiyo tulifanya kazi. Tuliosha sahani katika mikahawa hata saa saba ya usiku. Tulipiga deki ofisi za watu saa kumi na moja ya alfajiri, kabla wenyewe hawajafika. Tulipanga makopo katika rafu za maduka makubwa. Likizo tulikwenda upande wa Sint-Truiden kuchuma matufaha na mapeasi. Si kazi ya aibu. Mtu aliyelima na bibi yake haogopi kuinama. Lakini sikilizeni hesabu hii: saa ulizouza ni saa ulizotoa katika masomo. Tulikuwa na mwenzetu mwenye akili kutushinda sote. Alianza na saa 20, akaongeza nyingine za kificho, kwa kuwa nyumbani walimwandikia kila juma kutaka fedha za msiba, za kodi, za harusi. Mwaka wa pili alianguka mtihani. Mwaka wa tatu alianguka tena, na kibali chake cha kukaa hakikuongezwa. Wazazi mlio hapa, twawaomba mfikiri juu ya kijana huyo. Aliyemwangusha si profesa peke yake.

SAFARI ZA MWISHO WA JUMA

Katika Louvain-la-Neuve kuna desturi moja. Ijumaa jioni wanafunzi wa Kibelgiji hufunga masanduku yao yenye magurudumu na kurudi kwa mama zao. Mji mzima husikika kelele za magurudumu juu ya mawe, kisha kimya. Mtoto wa Kolwezi hubaki katika jiko la watu wanane akiwa peke yake. Kimya kile ndicho kilichotufundisha kusafiri. Tulichanga nauli, tukapika wali na kuufunga katika vikopo, tukaondoka.

Tulikwenda Bruges, tukaona mifereji yake. Tulikwenda Antwerpen, tukaona bandari. Lakini safari tatu ndizo zilizotubadili, nasi twataka kuzieleza.

Ya kwanza ni Tervuren. Unapanda tramu namba 44, inapita katika msitu, inakufikisha kwenye jumba la makumbusho la Afrika. Humo tuliiona misalaba ya shaba, ile iliyosubuliwa na mababu zetu wa Katanga kabla Mzungu hajaijua nchi hii, wakafanyia biashara, wakazikwa nayo. Tulikuwa tumesoma miaka 12 katika mji wa shaba, na shaba ya mababu tukaionea kwanza ndani ya kabati la kioo huko Ubelgiji. Nje, kando ya kanisa la Tervuren, kuna makaburi saba. Mwaka 1897 Mfalme Leopold II alileta Wakongo 267 ili watu wawatazame katika maonyesho, nao saba walikufa. Majina yao ni Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Tuliyasoma kwa sauti, mmoja mmoja.

Ya pili ni Olen. Tulikuwa twaelekea Antwerpen kwa gari la rafiki, tukaona kibao cha barabara chenye jina hilo. Mwenzetu mmoja ambaye babu yake alikuwa mfanyakazi wa Union Minière akasema, "Simamisha." Maana Olen ndipo yalipoletwa mawe ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, tangu mwaka 1922 kutolewa radiumu. Na kobalti ya Katanga nayo ilisafishwa pale. Tulitazama uzio na mabomba ya kiwanda, hatukuingia. Jiwe hutoka kwetu likiwa na bei ya jiwe. Huko hugeuzwa, hupata bei ya dawa na ya mashine. Tofauti ya bei mbili hizo ndiyo iliyojenga miji tuliyokwenda kuitembelea mwisho wa juma. Hakuna kitabu kilichotufundisha uchumi kama kibao kile.

Ya tatu ni Marcinelle, karibu na Charleroi. Kuna mgodi wa makaa ya mawe uitwao Bois du Cazier, ambao sasa ni makumbusho. Tarehe 8 Agosti 1956, kitoroli cha makaa hakikuingizwa sawasawa katika kizimba cha lifti, chini mita 975. Kizimba kikapanda huku kitoroli kimetokeza nje. Kikakata bomba la mafuta na nyaya za umeme, moto ukawaka. Walikufa watu 262. Kati yao 136 walikuwa Waitaliani, maskini waliokuja kwa mapatano ya 1946, ambayo Italia ilitoa watu na Ubelgiji ikatoa makaa. Majina ya wote 262 yameandikwa pale. Watoto wa shule huletwa kuyasoma.

Sisi watoto wa migodi tulisimama mbele ya majina yale, tukaulizana: je, kwetu? Juni 2019 ardhi iliporomoka katika machimbo hapa karibu na Kolwezi, wakafa wachimbaji wapatao 40. Ni nani kati yetu awezaye kutaja majina yao leo? Na wale wanaokufa mmoja mmoja, wawili wawili, katika mashimo yasiyo na ngazi wala hewa, wameandikwa wapi?

PICHA TULIYOTUMA

Sasa tunafika kwenye neno zito, ambalo kwalo hasa tumekuja.

Siku ile tuliyokwenda Bruges, mmoja wetu alipigwa picha kando ya mfereji. Alivaa koti la kuazima. Mkononi alikuwa na keki tamu iliyonunuliwa kwa mchango wa watu watatu. Usiku wa kuamkia siku ile alikuwa ameosha sahani hata saa saba, na juma lile alikula mkate na mayonezi. Picha ikaenda Kolwezi kwa simu, chini ameandika maneno machache: "Namshukuru Mungu, maisha mazuri."

Picha ile haikuwa ya uongo. Jua lilikuwapo, mfereji ulikuwapo, na kicheko kilikuwa cha kweli. Lakini ilikuwa nusu ya habari, na nusu ya habari yaweza kuua.

Mdogo wake alikuwa mwaka wa sita wa sekondari, imebaki miezi mitatu afanye mtihani wa serikali. Aliitazama picha ile, akasema moyoni, "Kaka amekwisha kufika, mimi nangoja nini?" Aliacha shule, akaingia shimoni kutafuta nauli. Alijua njia, kama kila kijana hapa aijuavyo. Tangu 2014 si Kasulo tu, watu wamechimba kobalti hata chini ya sakafu za nyumba walizolala. Juma la sita shimo likaanguka. Yeye alitolewa, mguu umevunjika mahali pawili. Rafiki yake waliyeshuka pamoja hakutolewa akiwa hai. Jina lake hatulitaji mbele ya watu wote, kwa sababu mama yake bado analia.

Ndugu zetu, hatukulipiga shimo lile jembe. Lakini tuliituma picha, na sahani hatukuzituma. Huo ndio mzigo wetu, nao tumeuleta hapa ili tuutue mbele yenu, na ili ninyi msiubebe.

TUNAYOWAOMBA

Kwanza, ninyi mnaokwenda. Nendeni. Msiache kwenda kwa sababu ya maneno yetu. Cheza, tembea, panda treni, jua watu. Kijana asiyetoka nje ya chumba chake amesoma nusu. Lakini unapotuma picha nyumbani, tuma na habari yake yote: nimeosha sahani ngapi, nimelala saa ngapi, nimepata alama gani. Ukiona haya kuandika hayo, basi na picha uiache.

Pili, ninyi wazazi. Mtoto akiwa masomoni, mwacheni asome. Kila shilingi mnayomwomba leo mnaichukua katika shahada yake ya kesho. Mchumia juani hulia kivulini, lakini mwacheni achume kwanza.

Tatu, ninyi mnaobaki. Msijione mmeachwa. Mkoa wetu wa Lualaba una kilomita za mraba zipatazo 121,000. Ubelgiji yaingia humo mara nne. Wangapi kati yenu wameliona bwawa la Nzilo, ambalo si mbali na hapa, mahali mto wetu ulipofungwa katika miaka ya 1950 ili utoe umeme wa migodi? Wangapi wameyaona maporomoko ya Lofoi kule Kundelungu, yanayoshuka zaidi ya mita 300? Sisi tuliona aibu Wabelgiji walipotuuliza habari za nchi yetu nasi hatukuwa na jibu. Mwisho wa juma uko hapa pia. Changeni nauli, mwone kwenu.

Nne, sisi tuliorudi. Dunia hupata zaidi ya theluthi mbili za kobalti yake kutoka nchi hii, na sehemu kubwa hutoka chini ya miguu yetu hapa Lualaba. Kazi ya kuligeuza jiwe, kulipima, kuliandikia mkataba na kuulinda ukuta wa shimo yataka watu waliosoma. Kama sisi hatukuirudia, itafanywa na wengine kwa faida yao. Hatumlaumu aliyebaki ng'ambo, kila mtu na mashaka yake. Twasema tu kwamba kazi iko, na mlango wetu u wazi kwa anayetaka kusaidiwa kurudi.

Mwisho, tumeanza jambo dogo. Tumenunua daftari. Ndani yake twaandika majina ya wote waliokufa katika mashimo ya Kolwezi na vijiji vyake, jina, umri, mtaa, na siku. Hatuhitaji kibali cha mtu ili kuwakumbuka wafu wetu. Marcinelle wameandika 262, nasi tutaandika wetu. Daftari liko juu ya meza ile karibu na mlango, na kalamu iko kando yake. Mwenye jina alilete. Asiyejua kuandika aseme, tutamwandikia.

Jina la kwanza limekwisha kuandikwa. Mama yake ndiye aliyekuja kulisema jana jioni.